Uzi Ukikatika, Usizilaumu Shanga

Kuna aibu ndogo ndogo ambazo mtu huzisahau upesi, na kuna ile ya kidani kukukatikia shingoni mbele za watu. Shanga zinadunda sakafuni, watoto wanazikimbilia, wakwe wanainama kukusaidia kuokota, nawe umesimama pale umeshika uzi mtupu. Halafu utamsikia mtu akisema kwamba shanga za siku hizi ni hafifu. Mimi sikubali. Mara nyingi shanga hazina hatia yoyote. Mwenye kosa ni uzi, au fundo, au tundu.

Hapa kwetu Bokoli, dada yangu mdogo hutunga vidani, bangili na vipuli vya masikio akiwa nyumbani, kisha huviuza siku ya soko. Vingine hufika Kitale na Bungoma mjini kwa mikono ya marafiki. Karo ya kifunguamimba wake imekuwa ikitoka humo kwa sehemu kubwa. Kwa hivyo haya nitakayoyaeleza si ya kujipamba tu. Bangili moja ikirudishwa na mnunuzi kwa sababu imekatika, kazi ya siku nzima imepotea, na sokoni maneno husafiri haraka kuliko bodaboda.

Tuanze na uzi. Wengi wetu hutumia uzi wa pamba wa kushonea nguo kwa sababu tayari umo nyumbani. Uzi huo hunywa jasho, huoza polepole, na siku ya kukatika haubishi hodi. Afadhali nailoni, na bora zaidi ni ule uzi uliosukwa wa kuvulia samaki, ambao ni mwembamba lakini mgumu ajabu. Kabla ya kuanza, uvute juu ya kipande cha nta ya nyuki mara mbili au tatu, kisha uupitishe kati ya vidole ili joto liilainishe nta. Uzi uliopakwa nta haujisokoti ovyo, nao huteleza vizuri ndani ya shanga. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon hatuna udhuru wa kukosa nta. Asiyeipata atumie mshumaa, ingawa nta ya mshumaa hukatikakatika na kuacha unga mweupe.

Wapo wanaopenda uzi wa lastiki kwa bangili, maana hauhitaji kishikizo. Basi uvute lastiki huo kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kutunga. Usipofanya hivyo utalegea baada ya wiki mbili, na bangili iliyomtosha mteja siku ya kununua itaanza kumdondoka akiosha vyombo.

Adui wa pili ni tundu. Shanga nyingi ndogo za kioo hukatwa kutoka katika mrija mrefu na mwembamba, kisha hutiwa joto tena ili kingo zake zilainike. Zile ambazo hazikulainishwa vyema, au zilizomeguka mdomo, hubaki na kingo kali kama wembe. Hata ukitumia uzi wa bei gani, kila unapotikisa mkono kingo hizo zinausaga. Dada yangu huzipitia kwa kidole na kwa jicho, moja moja, na yenye mdomo uliomeguka huitupa bila huruma.

Lakini kuna shanga ambazo mtu hawezi kuzitupa.

Wasomaji wa kwetu wanajua kwamba Wabukusu hupasha wavulana tohara mwezi wa Agosti, katika miaka kama 2022 na 2024, mmoja kuvuka mwingine. Siku za kabla ya kisu, mvulana huzunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akipiga chinyimba, zile kengele za chuma, na kifuani amepishanisha nyuzi za shanga alizoazimwa na jamaa zake wa kike. Katika boma letu shanga hizo ni za kukhu, mama mzazi wa baba yangu, naye alizirithi kwa mama yake. Ni nyeupe na za buluu, pamoja na chache nyekundu ambazo ukizitazama tunduni zina moyo mweupe. Zimevaliwa na wavulana wetu wote tangu kabla sijazaliwa.

Mwaka wa 2024 ilikuwa zamu ya mtoto wa kaka yangu. Zikiwa zimebaki siku 5, akirudi jioni kutoka kualika jamaa, nyuzi zilikatika njiani katikati ya mashamba ya mahindi. Vijana waliokuwa naye waliwasha tochi za simu, wakapapasa kwenye matope na majani, wakarudi nyumbani saa tatu usiku na sufuria ndogo mkononi. Mvulana mwenyewe alikuwa amenyamaza kimya. Walioona wanajua alichokuwa akifikiri, maana katika siku kama hizo mtu mzima yeyote anaweza kulitafsiri jambo dogo kuwa ishara.

Kukhu hakufoka. Alitia mkono ndani ya sufuria, akazikoroga, akasema hazijatimia.

"Mayi," senge akamwambia, "kesho tukanunue nyingine Webuye tuzijazie. Mtoto hawezi kwenda nusu uchi."

"Mkijazia leo, mwaka ule mwingine mtajazia tena," kukhu akajibu. "Mwisho mtamvika mtoto shanga za dukani, mkimwambia ni za nyanya yake."

Walibishana hadi chai ikapoa. Mimi na dada tuliachia wakubwa maneno hayo, tukaanza kuchunguza uzi. Ulikuwa wa pamba, mweusi kwa mafuta na jasho la miaka, na ulikuwa umelika mahali pale pale palipokuwa na zile nyekundu zenye moyo mweupe. Matundu yake yalikuwa mapana lakini yenye meno. Dada alichukua waya mwembamba, akauzungushia karatasi laini ya msasa, akawa anaupitisha katika kila tundu huku akilidondoshea maji. Maji ni lazima, kwa sababu yanazuia vumbi la kioo lisikuingie puani, na yanazuia ushanga usipate joto ukapasuka. Kazi hiyo ilitumaliza usiku mmoja na nusu.

Kisha tukatunga upya kwa uzi uliosukwa, tukiutumia mara mbili, na baada ya kila shanga kumi tukafunga fundo dogo. Huu ndio ushauri ambao ningependa kila mwenye shanga za ukoo auchukue. Uzi wenye mafundo ukikatika, zitaanguka chache na nyingine zitabaki mahali pake. Uzi usio na fundo hata moja hukuachia kila kitu barabarani.

Nyuzi zilizokuwa nne zilitoka tatu. Kukhu alizipima kwa mkono wake, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, akatikisa kichwa kukubali. Senge aliguna, lakini mvulana alizivaa tatu hizo, akaenda kwa khocha wake, akarudi, akasimama kama walivyosimama wenzake waliomtangulia. Aprili iliyofuata, wakati wa kupanda mahindi, mama mmoja jirani alituletea shanga sita ndani ya kikaratasi. Ziko kwenye mkebe.

Mambo ya kupimia nyuzi si mageni kwetu. Joseph Thomson, yule Mskoti aliyefika Mumias mwaka wa 1883 akisafiri na msafara kutoka pwani, alilazimika kusimama Taveta ili watu wake watunge upya maelfu ya nyuzi za shanga, kwa kuwa Wamaasai walitaka urefu wao maalum na hawakupokea mwingine. Shanga za misafara zilitoka hasa Venice na Bohemia, na hadi leo shanga nyingi nzuri za kioo zinazotumiwa Kenya hutoka nchi hiyo hiyo ya Bohemia, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Ukipata nafasi, tembelea Makavazi ya Kitale uone mapambo ya majirani zetu. Safu zake hazipandi wala hazishuki.

Unyoofu huo hauji kwa bahati. Mwanzilishi hununua pakiti, humimina, huanza kutunga, halafu hushangaa mbona bangili inapinda kama nyoka. Ni kwa sababu shanga za pakiti moja hazilingani. Zipepete na kuzichagua kama unavyochagua maharagwe kabla ya kuyainjika. Nene weka huku, nyembamba kule, zilizopinda zitumie kwa vipuli. Fahamu pia kwamba namba za shanga huenda kinyume. Namba 11 ina upana wa takriban milimita 2, namba 8 milimita 3, na namba 6 milimita 4. Mtu akikutuma namba kubwa, anataka ndogo.

Kukaza nako kuna kipimo. Ukikaza mno, kidani kinasimama shingoni kama waya wa seng'enge. Ukilegeza, uzi unachungulia kati ya shanga. Ukimaliza kutunga, usifunge fundo la mwisho papo hapo. Kitundike msumarini usiku kucha, uzi ujinyooshe kwa uzito wa shanga, kisha asubuhi uache nafasi ya ushanga mmoja na ufunge.

Fundo lenyewe ndilo huwashinda wengi, maana nailoni huteleza. Funga fundo la kawaida, lakini badala ya kupitisha ncha mara moja, ipitishe mara mbili kabla ya kuvuta. Halafu funga jingine juu yake vivyo hivyo. Tia tone moja la gundi au rangi ya kucha isiyo na rangi, subiri ikauke kabisa, ndipo uvute fundo lijifiche ndani ya ushanga mpana. Wenye haraka huunguza ncha ya nailoni kwa kiberiti. Inafaa, lakini nimeona kazi ya siku mbili ikiyeyuka kwa sekunde moja.

Je, ukigundua kwamba umetunga ushanga usiofaa katikati ya safu thelathini? Usifumue. Ingiza sindano ndani ya tundu la ushanga huo ili iulinde uzi, ufunike kwa kitambaa, kisha uubane kwa koleo upasuke. Kitambaa ni cha kuyalinda macho yako. Na sindano ikikataa kupita mara ya nne, usiisukume kwa meno. Zungukia ushanga wa jirani.

Kuna jambo la mwanga ambalo watu hulidharau. Usichague rangi usiku kwa taa ya koroboi, hata ya sola. Buluu nzito na nyeusi hufanana, na asubuhi utakuta bendera ya taifa imegeuka kitu kingine. Shanga usizozijua, zilowe majini usiku mmoja juu ya kitambaa cheupe. Zikitoa rangi, hizo zimepakwa tu. Nyingine ziache dirishani juma zima, nusu umezifunika, uone jua litafanya nini.

Wanawake kadhaa wamemlalamikia dada kwamba vipuli vinawawasha masikio. Aghalabu mwasho huo hutokana na madini ya nikeli yaliyomo katika ndoana za bei rahisi, na kwa watu wengine haukubali dawa ila kubadilisha ndoana na kutumia za chuma kisichoshika kutu. Shingo kuwa ya kijani si ugonjwa wala si husuda ya jirani. Ni shaba imekutana na jasho. Vaa mapambo yako baada ya kujipaka mafuta na manukato, si kabla. Na mwenye mtoto anayetambaa atungie juu ya sinia lililotandikwa taulo, maana ushanga huteleza kwenye ufa wa sakafu, na mtoto huuona kabla yako na kuutia mdomoni.

Bei ndiyo tatizo ambalo koleo haliwezi kulitatua. Dada yangu huandika daftarini gharama ya shanga, uzi na vishikizo, halafu saa alizoketi, kwa kiwango ambacho mtu hulipwa kwa palizi hapa kijijini. Majirani humwona mkali. Mteja mmoja alimwambia kwamba Nairobi bangili za plastiki ni shilingi 50. Dada alimshauri aende akanunue hizo. Hajarudi mpaka leo, lakini juma lililopita mama mkwe wake alikuja kuagiza mbili, akataka zifungwe fundo kila baada ya shanga tano.