Nguvu ya kopo na nguvu ya munkoyo

Hapa Lubumbashi wengi wetu tunafanya kazi usiku, kwa sababu mara nyingi umeme unarudi usiku. Mimi pia. Taa ikiwaka saa tano usiku, ninachaji simu, ninafungua kompyuta na kuanza kuwaandikia habari za mji. Kwa miezi mingi, kando ya kompyuta palikuwa na makopo mawili ya kinywaji cha kutia nguvu, yale makubwa ya mililita 500. Sikuona ubaya. Juu ya kopo walichora majani na kuandika ginseng na guarana. Nilijiambia: hii ni mitishamba, si pombe.

Usiku mmoja moyo ulianza kupiga mbio, nikausikia hadi masikioni. Mikono ikatetemeka, jasho likanitoka. Mke wangu alifikiri ni malaria. Asubuhi tulienda kwenye kituo cha afya. Muuguzi akapima tansio, ikawa juu. Mbele ya kuandika dawa akaniuliza: "Papa, jana ulikula nini? Na ulikunywa nini?" Nilikuwa nimekula mkate tu, saa sita mchana. Yale makopo nilimtajia kwa aibu. Akaniambia niyaache, nipumzike, nirudi kisha juma moja.

Nyumbani niliokota kopo tupu nikasoma maandishi madogo kwa mara ya kwanza. Katika kila mililita 100: kafeini miligramu 32, sukari gramu 11. Nikapiga hesabu. Makopo mawili yalinipa kafeini miligramu 320 na sukari gramu 110. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya wanasema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mara moja. Mimi nilikunywa zote katika saa mbili, tumbo likiwa tupu. Na OMS inashauri sukari ya kuongezwa isipite karibu gramu 50 kwa siku. Nilipita mara mbili.

Na guarana? Ni mbegu za mmea wa Amazoni, na ndani yake mna kafeini nyingi. Kumbe lile jani lililonituliza roho lilikuwa kafeini juu ya kafeini. Tena kafeini haikupi nguvu mpya. Inaziba tu sauti ya mwili inayosema umechoka. Uchovu unabaki palepale, unakungoja.

Yaya yangu, anayeuza munkoyo kwenye soko la komine ya Kenya hapa mjini, alicheka sana. "We mudogo, unalipa franka kwa majani ya mbali, na munkoyo iko hapa?"

Munkoyo ni uji wa mahindi ambamo wanatia mizizi iliyopondwa. Mizizi hiyo inageuza wanga kuwa sukari, uji unakuwa mwepesi na mtamu, kisha unachachuka kidogo. Haina kafeini. Ni chakula cha kunywa, na chakula ndicho kilichonikosekana mimi.

Lakini sitaki kuwadanganya: si kila kitu cha mitishamba ni salama. Munkoyo ikikaa siku nyingi inakuwa na pombe. Motari asiiguse kabla ya kupanda pikipiki. Ikitengenezwa kwa maji machafu, sisi wa Katanga tunakijua kipindupindu. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, lakini ile ya chupa mara nyingi imejaa sukari; afadhali uiponde mwenyewe, uichemshe na ndimu. Mwenye tansio au anayekunywa dawa aulize muganga kwanza. Na yale makopo ya kafeini si ya watoto wala ya mama mwenye mimba.

Juma lililofuata tansio yangu ilikuwa imeshuka. Sasa ninakula bukari jioni, ninalala mapema, na umeme ukirudi ninaamka na kikombe cha mchaichai au munkoyo ya siku ileile. Kama mwili unakataa, ninarudi kulala. Ndiyo sababu siku hizi habari zingine zinawafikia asubuhi, si usiku. Mnisamehe.