Masaa mawili ambayo sikuandika

Juzi mmoja wenu alinijia inboksi. Mdogo wake ni muuguzi, mtoto kafariki zamu yake, na sasa kaitwa polisi. "Dada nesi, tufanye nini?" Nikaanza kumjibu, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nikaona bora niandike hapa kwa sehemu, maana jambo hilo nami limeshanikuta. Hospitali siitaji, na mama mwenye mtoto simtaji. Wapo watakaonikasirikia baada ya kusoma. Nawaelewa.

SEHEMU YA 1: USIKU WENYEWE

Tuliingia zamu wauguzi wawili na mhudumu mmoja. Saa 7 usiku mwenzangu akapanda gari la wagonjwa kusindikiza rufaa. Nikabaki peke yangu na mama watano leba.

Kitanda namba 5 alikuwepo binti, mimba ya kwanza, njia imefika sentimita 6. Saa 8 nilimsikiliza mtoto, mapigo yako vizuri, nikaweka nukta kwenye patografu. Kwa wasioijua, patografu ni ile karatasi yenye vyumba vidogo vidogo inayofuatilia uchungu wako. Uchungu ukishashika kasi, mapigo ya mtoto yanatakiwa kusikilizwa na kuandikwa kila nusu saa.

Dakika chache baadaye kitanda namba 3 akajifungua, na damu ikaanza kumtoka kama bomba limepasuka. Nikakanda tumbo, nikachoma sindano, nikafungua dripu, presha kila dakika 15. Kila nikigeuka nione namba 5, damu inaanza upya. Nilipofika kwa namba 5 ilikuwa saa 10 alfajiri. Mapigo ya mtoto yalikuwa hayafiki 90. Ya kawaida ni 110 mpaka 160.

Nikampigia daktari, akaja. Mtoto akazaliwa amechoka sana. Siku ya pili akafariki.

Mama wa kitanda namba 3 yuko hai mpaka leo. Kila nikiisimulia habari hii natamani niishie hapo kwake, lakini siwezi.

SEHEMU YA 2: KALAMU

Asubuhi, patografu ya namba 5 ilikuwa na nukta ya saa 8 na nukta ya saa 10. Katikati, patupu.

Mwenzangu mmoja, mtu mwema tu, akaniletea kalamu. "Jaza hizo tatu katikati. Nani atajua?" Nitawaambia ukweli: niliishika ile kalamu. Sikuacha kwa sababu mimi ni mtakatifu. Niliacha kwa sababu nilikumbuka faili la kitanda namba 3. Mle nilikuwa nimeandika presha kila dakika 15, kwa mkono wangu, na saa zake. Ningejaza la namba 5, mafaili mawili yangesema nilikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Nikaandika chini: tarehe, saa niliyokuwa naandika, na kwamba kati ya saa 8 na saa 10 mapigo hayakusikilizwa kwa sababu nilikuwa na mgonjwa anayetoka damu. Nikasaini.

Baadaye wakili aliniambia mstari ule ndio ulioniokoa. Kosa la zamu linaweza kuelezwa. Nyaraka ya uongo haielezeki. Ukishaghushi, hata yale uliyofanya vizuri hakuna atakayeyaamini.

Ila kuna kosa la pili, na hili sikuliandika popote. Binti wa namba 5 aliniuliza, "Nesi, mwanangu kapatwa na nini?" Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ameshanionya nisiseme kitu. Nikamjibu, "Daktari atakueleza." Daktari alikuwa ameshatoka zamu. Hakuna aliyemweleza.

SEHEMU YA 3: POLISI

Wiki tatu baadaye nikapigiwa simu, fika kituoni. Nilikwenda na kaka yangu, nimevaa kitenge, sijui hata nasema nini. Askari akaandika maelezo yangu, akanisogezea nisaini. Nilikuwa nasaini. Kaka ndiye aliyesema, "Msome kwanza." Kusoma, nakuta imeandikwa "nilimwacha mgonjwa". Mimi nilisema "nilikuwa kwa mgonjwa mwingine". Maneno yanakaribiana, lakini tofauti yake inaweza kuwa miaka ya jela.

Maana sheria zipo, jamani. Kanuni ya Adhabu yetu ina kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Ina pia kosa dogo zaidi, la kutenda kwa uzembe unaohatarisha maisha ya mtu, na hilo linataja waziwazi kutoa matibabu na kutoa dawa.

Kwa hiyo wewe uliyenijia inboksi, mwambie mdogo wako haya:

Aende, asikimbie. Ila asiende peke yake.

Aulize anatuhumiwa kosa gani kabla ya kueleza chochote. Ana haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Kusema "nitatoa maelezo wakili wangu akiwepo" si jeuri na si kukiri.

Asisaini asichokisoma. Kikikosewa, kirekebishwe kwanza.

Aulize habari ya dhamana. Kwa makosa mengi, polisi wanatakiwa wamfikishe mtu mahakamani ndani ya saa 24 au wamwachie kwa dhamana.

Wakili wa hospitali ni wa hospitali. Siku masilahi ya mwajiri na yako yakigongana, huyo hayuko upande wako. Mimi wa kwangu nilimpata kupitia chama cha wafanyakazi ambacho nilikuwa nakatwa mchango kila mwezi huku nanung'unika. Asiye na uwezo, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, aulizie watoa msaada huo wilayani kwake.

Na asiandike chochote kwenye magrupu ya WhatsApp. Hata "jamani niombeeni, nimekosea" inaweza kuwa kielelezo.

Jalada langu lilikaa miezi. Mwisho likafungwa bila mashtaka. Nikadhani yameisha.

SEHEMU YA 4: LESENI

Hayakuisha. Watu wengi hawajui kwamba hapa kuna milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake. Polisi na mahakama wanauliza, je, ni jinai? Huko inabidi ithibitike bila kuacha shaka ya maana. Mwajiri anauliza, je, ulivunja taratibu za kazi? Halafu lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya sheria ya mwaka 2010, ambalo linauliza kama unafaa kuendelea kuitwa muuguzi. Linaweza kukuonya, kukusimamisha, au kufuta jina lako kabisa. Mlango mmoja ukikuachia, mwingine bado unaweza kukushika.

Barua ilipokuja sikuipuuza. Wapo wanaoificha kwenye droo mpaka siku ya kujibu inapita. Nilijibu kwa maandishi, ndani ya muda, nikaambatanisha ratiba ya zamu, ripoti ya usiku, kumbukumbu ya rufaa iliyomwondoa mwenzangu na kumbukumbu za kitanda namba 3. Katiba, ibara ya 13(6), inatupa wote haki ya kusikilizwa na kukata rufaa, hata nesi.

Nilijiandaa kuulizwa kwa nini sikusikiliza mapigo. Hilo waliliuliza kidogo tu. Swali lililonikalisha lilikuwa jingine: "Ulipobaki peke yako na mama watano, ulimpigia nani simu?"

Hakuna. Sikumpigia mtu. Mkubwa wa zamu alikuwa hapendi kuamshwa, nami nilikuwa mgeni, nikaogopa kuonekana siwezi kazi. Simu ilikuwa mfukoni.

Wakili alikuwa amenifundisha kitu kimoja: jibu ulichoulizwa, usipambe. Nikasema, "Sikumpigia mtu, na nilipaswa kupiga." Nikapewa onyo la maandishi. Leseni ikabaki. Naona walinitendea haki, na onyo lilinistahili.

SEHEMU YA 5: YULE WA MAREKANI

Wengine mtauliza, kwa hiyo ukisema ukweli unapona? Si lazima. Lazima mjue habari ya RaDonda Vaught, muuguzi wa Nashville, jimbo la Tennessee. Desemba 2017 alitaka kumpa mgonjwa wa miaka 75 dawa ya kumtuliza kabla ya kipimo. Kwenye kabati la kielektroniki akaandika herufi mbili za mwanzo, akatoa dawa nyingine, ya kulegeza misuli, ambayo humfanya mtu ashindwe kupumua. Alipita tahadhari kadhaa bila kuzisoma. Mgonjwa akafariki.

Vaught alisema kosa lake siku ileile. Mwaka 2018 mamlaka ya jimbo ikaona hakuna haja ya kugusa leseni yake. Mwaka 2019 akashtakiwa kwa jinai, shauri la leseni likafufuliwa, na Julai 2021 leseni ikafutwa. Machi 2022 baraza la wazee wa mahakama likamtia hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe wa kijinai, na maneno yake mwenyewe ya kukiri yalikuwa sehemu ya ushahidi. Alipata miaka mitatu nje kwa uangalizi. Mwaka 2024 jimbo jirani la Kentucky likapitisha sheria inayowakinga watoa huduma na jinai kwa makosa ya kibinadamu, ila si kwa uzembe uliokithiri wala kwa makusudi.

Wauguzi wengi duniani walijifunza jambo moja kwenye kesi ile: nyamaza. Mimi hilo ndilo linalonitisha, kwa ajili yenu. Nesi anayeogopa jela atajaza nukta. Nukta zikijazwa, hakuna atakayejua kwamba leba ile inahitaji mtu wa pili usiku, na mwezi ujao kitanda namba 5 kitakuwa na binti mwingine.

Simaanishi tusishtakiwe kamwe. Nesi anayekuja kazini amelewa, anayeiba dawa, anayempiga mama leba, huyo mpelekeni. Lakini aliyekosea akasema, asikilizwe kwanza.

SEHEMU YA 6: BINTI WA NAMBA 5

Mambo yalipokwisha nilimuuliza wakili kama naweza kumwona. Akafikiri sana. Akasema nenda, lakini hospitali iandae kikao, awepo na mtu wake, useme kilichotokea na utoe pole, usianze kukisia usiyoyajua. Kutoa pole si kukiri jinai.

Nilimweleza yote, saa kwa saa. Hakulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asubuhi ile ulipita kitandani kwangu mara tatu, hukuniangalia. Mimi nilienda polisi ili mtu anijibu."

Sikuwa na la kusema. Sina mpaka leo. Wakili alinifundisha kunyamaza polisi, na alikuwa sahihi. Lakini kimya changu cha wodini hakikunikinga na chochote, bali ndicho kilichonifikisha kwake.

Kwa hiyo mama, ikitokea umepatwa, Mungu apishie mbali, usikubali "daktari atakueleza" ipite hivihivi. Omba kumwona mganga mfawidhi. Uliza nani alikuwa zamu, kilifanyika nini na saa ngapi. Andika majibu, andika na tarehe. Omba maelezo ya maandishi. Usiporidhika, Baraza linapokea malalamiko ya mwananchi yeyote. Polisi ni haki yako pia. Ila picha ya nesi usiirushe mitandaoni, maana ushahidi unaharibika na kosa linaweza kukurudia wewe.

Na kama mwenye kuitwa ni mdogo wako, msindikize. Kaka yangu hajasoma sheria hata siku moja. Alisema maneno mawili tu pale kituoni, nami leo bado nina leseni.

Wewe wa inboksi, nimekujibu. Niambie wamemwita tena lini.