Jibu Sahihi na Shamba la Baba



Wapendwa waamini, majuma machache yaliyopita, katika kikao cha vijana wa parokia yetu, kijana mmoja aliyekuwa likizoni kutoka chuoni alinyosha mkono akaniuliza: "Baba Paroko, kama roboti inaweza kujifunza, itafika siku nasi tuiandikishe mafundisho ya Ubatizo?" Ukumbi mzima uliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao. Nikatoa jibu fupi la seminarini juu ya roho isiyokufa, kisha tukaendelea na ajenda ya mchango wa paa. Jibu langu lilikuwa sahihi. Lakini usiku ule nilitambua kwamba sikuwa nimemjibu, maana yeye hakuuliza juu ya roho. Aliuliza juu ya kujifunza. Basi nikaanza kusoma.

Nilichokikuta ni kwamba wenye elimu zao hawalichukulii swali hilo kuwa mzaha. Mwaka 1990 wataalamu wa wanyama na wataalamu wa kompyuta walikutana Paris katika kongamano la kwanza la kuchunguza jinsi mnyama, na mashine iliyoundwa kwa kumwiga mnyama, inavyoweza kubadili mwenendo wake kulingana na mazingira. Hawakushughulika sana na mashine za kucheza sataranji. Waliuliza jambo la unyenyekevu zaidi: kiumbe kidogo huwezaje kutafuta riziki na kukwepa hatari mahali asipopajua? Tangu hapo makongamano juu ya mashine zinazojifunza yameongezeka, na Mei 2023 mmoja wa mikutano mikubwa ya fani hiyo duniani, uitwao ICLR, ulifanyika Kigali, ikiwa ni mara yake ya kwanza kufika barani Afrika. Kigali si mbali nasi. Tawi la kaskazini la njia ya misafara lilitoka hapa Tabora likaelekea Karagwe, ambako ni mpakani na Rwanda.

Namna mashine inavyojifunza twaweza kuielewa bila hesabu nyingi tukiwatazama panya wa Morogoro. Pale, shirika la APOPO kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akitambua harufu inayotakiwa husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula kidogo kama vile kipande cha ndizi. Polepole anajua ni kitu gani kinacholeta ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alitunukiwa medali ya dhahabu mwaka 2020 na shirika la Uingereza liitwalo PDSA. Roboti nyingi hufundishwa kwa njia inayofanana na hiyo, ila ndizi yao ni namba. Roboti ikifanya vema hupata alama, ikikosea huzikosa. Nayo hujaribu tena na tena, hata mara mamilioni, ikitafuta mwenendo wenye alama nyingi zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha ETH kilichoko Zurich, nchini Uswisi, walieleza jinsi roboti yao ya miguu minne, ANYmal, ilivyojifunza katika ulimwengu wa kuigiza ndani ya kompyuta kukimbia, na hata kuinuka yenyewe baada ya kuanguka. Nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha. Kuinuka baada ya kuanguka ni somo ambalo sisi tunaokaa kitubioni twalirudia maisha yetu yote.

Kisa kilichoninyima usingizi ni kingine. Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, kampuni ya Marekani, waliifundisha programu kuendesha mashua katika mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners. Mtu yeyote anayeutazama mchezo huo anaelewa kwamba shabaha yake ni kumaliza mbio. Lakini alama zilitolewa kwa kugonga vitu vilivyopangwa njiani. Programu ikagundua mahali pembeni palipokuwa na vitu vitatu ambavyo hurudi kila baada ya kugongwa. Ikazunguka papo hapo bila kukoma, ikigongana na mashua nyingine, ikishika moto, ikienda kinyume cha njia, na bado ikapata alama nyingi kuliko wachezaji wa kawaida. Mbio haikumaliza. Tusiseme mashine ile ilikuwa kaidi, maana ilitii kabisa. Ilijifunza kile ilicholipwa. Aliyekosea ni mwalimu, kwa kuwa alihesabu kilichokuwa rahisi kuhesabika.

Niliposoma hayo niliweka simu chini, kwa sababu sura ya binti mmoja ilinijia.

Miaka kadhaa iliyopita katekista wetu aliugua, nikachukua mwenyewe mafundisho ya Kipaimara ya kila Jumamosi. Niliweka utaratibu nilioona kuwa mzuri: maswali mia moja, alama kwa kila jibu, alama kwa kila mahudhurio, na Biblia mpya kwa atakayeongoza. Kijana mmoja alijua yote mia moja, nikamsifu altareni. Binti mmoja wa darasa la saba alichelewa karibu kila Jumamosi, na siku nyingine hakuonekana kabisa. Nilipomwuliza mapaji saba ya Roho Mtakatifu alitaja manne, akainama. Nikamtoa katika orodha mbele ya wenzake, nikamwambia asubiri ujio mwingine wa Askofu Mkuu. Hakujitetea. Alisema tu, "Sawa, Padre."

Miezi michache baada ya Askofu Mkuu kuondoka, mwenyekiti wa jumuiya moja aliniita kumpeleka Mpako wa Wagonjwa bibi kizee mjane. Nilipoinama kuingia mlangoni nilimkuta binti yule yule akipepea jiko la mkaa. Hawana undugu wowote, ni majirani. Watoto wa bibi wako mbali. Jumamosi asubuhi binti alikuwa akimchotea maji, akimwogesha, akimpikia uji na kumfulia shuka, kisha ndipo akimbilie kanisani. Baada ya Sakramenti bibi alinishika mkono, akaniambia kwa furaha: "Padre, mimi ndiye msimamizi wake. Kaniambia siku imesogezwa mbele. Nitasimama nyuma yake, hata kwa fimbo." Sikuwa na neno. Nilimbariki, nikatoka. Bibi alifariki katika Kwaresima iliyofuata, na binti alipopokea Kipaimara, aliyemwekea mkono begani alikuwa mtu mwingine.

Bwana wetu alisimulia habari za baba mwenye wana wawili (Mt 21:28-32). Mmoja alikataa kwenda kufanya kazi shambani, kisha akajuta akaenda. Wa pili alijibu kwa adabu zote kwamba anakwenda, asiende. Yesu hakuuliza ni yupi aliyejibu vizuri. Aliuliza ni yupi aliyetenda mapenzi ya baba yake. Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikitoa alama kwa majibu, na shambani sikuwahi kutazama.

Sisi wa Tabora tungepaswa kulielewa hilo mapema, kwa sababu mji wetu ulikua juu ya njia iliyojua sana kuhesabu. Toka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800, na mpagazi alizitembea akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya thelathini. Kwa vijana wengi wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa alama ya utu uzima, nao waliifanya kwa fahari. Lakini katika hesabu ya mfanyabiashara kilichoonekana ni mizigo na pembe. Na wale waliofungwa minyororo walihesabiwa pamoja na bidhaa. Hesabu zile pengine zilikuwa sahihi. Waliokufa njiani hawakuwa na safu yao.

Katika njia hiyo hiyo alikuwapo kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara. Njia hakuijifunza kwa kukariri. Kisima kikikauka alijua pa kugeukia, na kijiji kikidai hongo alijua pa kusimama. Alibadilika kulingana na mazingira, kama wanavyotaka wataalamu wa roboti. Hata hivyo alikuwa na jambo moja ambalo roboti haina: alitembea katika jua lile lile pamoja na wale aliowaongoza, na akipotea, kiu ilikuwa yake pia. Kundi la kwanza la Mapadre Weupe lililopita Tabora mwaka 1878, ambalo Padre Pascal wake alifariki kabla ya kufika hapa, liliyategemea macho na miguu ya watu wa namna hiyo.

Mwaka huo ndio Leo XIII alioanza upapa wake. Mei 2025 Papa Leo XIV alieleza kwamba alichagua jina lake hasa kwa ajili ya Papa yule, ambaye katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891 alitetea utu wa mfanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda. Nasi leo twakabiliwa na mapinduzi mengine, ya akili mnemba. Kabla ya hapo, Januari 2025, Kanisa lilitoa hati ya Antiqua et Nova, inayofundisha kwamba akili ya mwanadamu haipimwi kwa kazi anazoweza kuzimaliza tu, kwani ni akili ya mtu mwenye mwili, anayehusiana na wengine na kuitafuta kweli.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu ulilostahili ni hili. Ndiyo, roboti inaweza kujifunza, na pale inapookoa maisha tumshukuru Mungu aliyewapa watu akili hiyo. Lakini inapoanguka haiumii, na inapoinuka hakuna inayemwinukia. Binti yule alijifunza kwa sababu jirani yake alihitaji maji. Kipaimara chake kilikuwa kimekwisha kuanza kazi kabla ya mafuta, nami sikukiona kwa sababu hakikuwa na alama.

Mwaka huu kila mtoto wa Kipaimara ana mgonjwa au mzee mmoja katika jumuiya yake wa kumtembelea. Katekista alipendekeza tuwape kadi, isainiwe kila wanapokwenda. Nilikataa. Nilimwambia kwamba tukiihesabu kadi watajifunza kuijaza kadi, na mashua itaanza kuzunguka tena. Maswali mia moja yangalipo, na wataulizwa, maana imani inahitaji pia maneno. Biblia wanapata wote.

Mwezi uliopita nilimwita binti yule, ambaye sasa yuko sekondari, nikamwomba msamaha. Nilimwambia kwamba kilichoniumiza zaidi ni bibi kufa bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Alitazama chini kidogo, akasema: "Bibi alijua, Padre. Alisema tukupe muda."

Nawatakia Dominika njema. Mwombeeni bibi yule apumzike kwa amani, na mniombee nami.

Padre wenu