Chuma Nacho Huchoka

Ndugu msomaji, chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara nyingi. Mwanzoni hakionyeshi dalili yoyote. Mwishowe chakatika, ingawa mkono wako haukuongeza nguvu. Sisi tuliolelewa Kiloleli, mkoani Simiyu, tuliyaona hayo katika majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Jembe lililolima misimu mingi lilivunjika siku moja katika udongo laini, na wazee wakasema chuma kimechoka.

Waundaji wa ndege nao walijifunza somo hilo, lakini kwa gharama ya roho za watu. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya Comet ya shirika la BOAC la Uingereza iliondoka London kwenda Johannesburg kwa kupitia Entebbe. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya ratiba ya abiria kwa ndege ya jeti. Tarehe 10 Januari, 1954, ndege ile ile ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Watu wote 35 walikufa.

Comet zikasimamishwa, zikarekebishwa palipodhaniwa pana kasoro, na tarehe 23 Machi zikaruhusiwa kuruka tena, hali chanzo hakijajulikana. Siku 16 baadaye nyingine ilivunjika karibu na Naples ikiwa na watu 21. Hakupona hata mmoja.

Ndipo wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walipoitia Comet nzima katika tangi la maji, wakaisukuma kwa maji kutoka ndani na kuilegeza, tena na tena, mfano wa hewa inavyoitanua kila ipaapo. Mwili wake ulipasuka mapema mno. Nyufa zilianzia penye pembe za nafasi zilizokatwa mwilini, kama vile madirisha. Comet 4, iliyoundwa upya kwa elimu hiyo, ndiyo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanza kuitumia mwaka 1960.

Kutojua si aibu, msomaji. Linalonihuzunisha ni zile siku 16. Nasi basi likipinduka twazika, twasema ajali haina kinga, na kesho yake basi la namna ile ile laondoka alfajiri limejaa watu. Wewe fundi unayetia sahihi, wewe dereva, nawe abiria uliyelipa nauli, msiridhike kuambiwa kwamba chombo kimetengenezwa. Ulizeni kilichovunjika ni nini, na kilivunjika kwa sababu gani.