Tulivyotafuta Shule Yumbe

Wengi mmetuuliza watoto walipataje shule tulipohama Kampala kuja Yumbe, basi tunawaandikieni kwa ufupi.

Nyumba ilipatikana kwa siku mbili. Shule ilituchukua mwezi mzima. Shule za serikali zilizo katika mpango wa UPE, ulioanza 1997, hazitozi karo, ingawa sare na chakula ni juu ya mzazi. Taabu ni lugha. Tangu mtaala wa 2007, darasa la kwanza hadi la tatu hufundishwa kwa lugha ya wenyeji, na huku ni Kiaringa. Binti yetu wa la pili alisoma Kampala kwa Kiingereza, na nyumbani tunasema Kiswahili. Mwalimu mkuu wa kwanza alitaka arudi la kwanza. Tulikataa kwa upole, maana hesabu anazijua vizuri. Shule ya pili ilimpokea darasa lake, kwa sharti kwamba jioni ajifunze kusoma Kiaringa. Bibi jirani ndiye anayemfundisha, na hataki malipo ila sukari kidogo.

Kaka yake ni jambo jingine. Yuko la saba, na watahiniwa wa PLE husajiliwa kupitia shule zao mapema katika mwaka wa mtihani. Jina lake liko kule, kwa hiyo amebaki kwa shangazi yake hadi amalize mtihani, inshaallah. Mwenye mtoto wa la saba, kama anaweza, asubiri mwaka wa shule uishe ndipo ahame.

Tunampigia simu kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Mdogo wake humfundisha neno moja la Kiaringa, naye hulikosea makusudi ili acheke.