Kiti cha Uyoga

Muuzaji aliuita kiti. Si kiti cha kukalia. Ni neno la Kiingereza lililovalishwa irabu yetu likaingia sokoni, na ukipiga simu hivyo ndivyo utakavyolisikia: "Kiti ni mia nne, usafiri juu yako." Nililipa kwa M-Pesa, na siku ya pili nikaenda kuchukua kifurushi changu kwenye ofisi ya matatu hapa Kitale. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki wa kilo mbili hivi, mgumu kama mkate wa juzi, mweupe kama uliopakwa chokaa. Na karatasi moja ya maelezo.

Nikueleze kilichomo, kwa sababu watu wengi hudhani ni mazingaombwe. Uyoga hauna mbegu kama ya maharage. Kinachoitwa mbegu kwenye biashara hii ni nafaka, kwa mfano ngano au mtama, iliyopikwa mpaka vijidudu vyote vikafa, kisha ikawekewa nyuzi hai za kuvu. JKUAT, kule Juja, ni mojawapo ya mahali ambapo wakulima wa Kenya wamekuwa wakipata mbegu hiyo na mafunzo yake. Mkulima anaichanganya na vitu ambavyo shamba limevitupa: mabua ya ngano, magunzi yaliyosagwa, makapi ya miwa. Nyuzi zinatambaa humo gizani kwa wiki kadhaa mpaka mfuko wote unakuwa mweupe. Hapo ndipo wewe unapouziwa. Kazi ngumu imeshafanywa na mwenzako. Unabaki na kukata, kunyunyizia na kungoja. Ni kama kununua chapati zilizosukumwa tayari. Ukizigeuza kwenye moto bado utasema umepika.

Wangu ulikuwa uyoga wa chaza, ule unaoota kwa kupandana kama vigae. Wajerumani ndio walioanza kuupanda kwa makusudi, kwenye visiki vya miti, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, njaa ilipowabana. Mimi haikuwa njaa hasa. Ilikuwa Januari, mshahara wa Desemba umeshakuwa historia, na nilitaka kitu ndani ya bedsita yangu ambacho kingekua bila kuniomba pesa.

Watu wanaijua Kitale ya mvua na mahindi. Hawaijui ya Januari: vumbi, upepo, midomo inapasuka. Uyoga wa chaza unataka hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Kwa hiyo nikaweka mfuko nyuma ya mlango mahali jua halifiki, nikaupasua ubavuni kwa wembe, nikatundika gunia bichi juu yake, nikanunua chupa ya kunyunyizia kama ile ya kinyozi. Asubuhi kabla ya kazi, jioni nikirudi, usiku kabla ya kulala. Jirani yangu akauliza kama nimeanza kufuga chura.

Siku ya sita vikatokea vichwa vidogo kama njiti za kiberiti, vya kijivu. Siku ya saba vilikuwa vimeongezeka ukubwa mara mbili. Siku ya nane nikachelewa kazini kwa sababu ya kukaa sakafuni nikiviangalia. Mashina yalikuwa marefu na kofia ndogo, na hiyo ina maana yake: kuvu hupumua kama sisi, na hewa ikijaa kaboni dayoksaidi shina hurefuka likitafuta mahali penye nafuu. Nimeishi kwenye chumba hicho miaka miwili nikiamka na kichwa kizito, na mtu wa kwanza kuniambia kwamba hakina hewa alikuwa uyoga. Nikaanza kulala na dirisha wazi.

Unavuna kabla kingo za kofia hazijanyooka, maana zikinyooka zinamwaga vumbi la spora, na vumbi hilo kwenye chumba kilichofungwa linaweza kukukohoza. Unashika kishada chote, unakizungusha, kinang'oka. Mama mboga wa pale chini alinipimia: gramu 320. Nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu ya familia ya WhatsApp na maneno mawili: "Mkulima mimi."

Ndani ya dakika kumi baba mdogo, aliyeko Bungoma, akajibu. Hakunijibu mimi. Aliwajibu wengine wote. "Mmeona? Siku hizi uyoga unaota kwenye juala. Sasa Kukhu atakosa nini?"

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo.

Kukhu ni nyanya yangu, mama yake baba. Boma lake liko ng'ambo ya Kanduyi, na nyuma ya jikoni lake kuna kichuguu kinachonipita urefu. Alipoolewa, baba mkwe wake alimzungusha shambani akimwonyesha mipaka, na walipofika hapo akasema: hiki ni chako. Ardhi ilikuwa ya wanaume. Ng'ombe walikuwa wa wanaume. Kichuguu kikawa cha Kukhu, na kila kilichotoka humo kilikuwa chake.

Na vitu vilitoka. Kumbikumbi, ambao kwetu ni chiswa, walivunwa kwa kufunika kichuguu kwa blanketi na kuacha tundu moja lenye shimo la kuwapokea. Wengine hawakuruka mpaka wadanganywe: watoto wanakaa wakigonga vijiti juu ya udongo, taratibu, mpaka mchwa waamini kwamba mvua inanyesha. Na mvua yenyewe ilipokuja, ukaota uyoga, obwoba. Baadhi aliupika mbichi. Mwingi aliuanika, akaja kuuchemsha miezi baadaye na karanga zilizosagwa na munyu, ile chumvi inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage. Mwingine aliupeleka sokoni kwenye ungo, na pesa yake haikuulizwa na mtu. Sare ya kwanza ya shule ya baba yangu ilitoka kwenye kichuguu kile. Hilo amelisema mara nyingi, na kila mara kama mtu anayesoma risiti.

Sasa baba mdogo alitaka kujenga vyumba vitatu vya kupangisha. Si mtu mbaya. Ana binti chuoni na karo haingoji. Kichuguu kilikuwa kimekaa pale pale ambapo chumba cha tatu kingesimama, tena kilikuwa na faida ya pili: mchwa huchagua udongo laini wanapojenga, na mafundi wa matofali wanaupenda mno. Kukibomoa kungempa kiwanja na matofali kwa mpigo. Kilichokuwa kimebaki ni kumshawishi mama yake, na mimi nikiwa Kitale nikampelekea kielelezo chenye rangi nzuri.

Kwa hiyo Jumamosi nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, hadi Kanduyi, nikiwa na gramu 250 za mavuno ya pili kwenye kopo la plastiki lililotobolewa matundu. Boda ikanimalizia.

"Nimesikia umenunua kiti," Kukhu akasema kabla sijakaa. Simu yake ni kabambe, haina WhatsApp, lakini habari zote humfikia. "Uyoga siku hizi unakaa kwenye kiti?"

Akaupika bila kuchelewa, kwa maziwa. Tukaula na ugali wa wimbi. Alikula sahani yake yote, akapangusa mdomo, akatafakari kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

"Ni mboga tamu," akasema. "Ina jina?"

"Uyoga, Kukhu. Uyoga wa chaza."

"Sawa. Lakini huu si ule."

Ningeweza kulichukulia hilo kama maneno ya mzee na kumbukumbu zake. Ila nilikuwa nimesoma wiki nzima usiku, na sayansi ilikuwa upande wake. Uyoga wa kichuguu ni ukoo mwingine kabisa, unaoitwa Termitomyces, na mkulima wake ni mchwa. Vibarua wa mchwa hukusanya majani makavu, vijiti na nyasi zilizokufa, huvila, na kinyesi chao hukijenga chini ya ardhi kama sega. Kuvu huota juu ya sega hilo na kulilainisha, na mchwa hula kile ambacho matumbo yao peke yao yasingeweza kukisaga. Wanapalilia humo. Wanadhibiti joto na unyevu kuliko nilivyoweza mimi na chupa yangu ya kinyozi. Mvua ikija, kuvu husukuma shina refu kama mzizi kupitia udongo hadi juu, na hapo ndipo Kukhu alipokuwa akikutana nao na ungo mkononi.

Wamefanya hivyo tangu lini? Mwaka 2016 wanasayansi walieleza masalia ya viota vya mchwa kutoka bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, vikiwa na bustani zao za kuvu ndani, zilizogeuka mawe. Umri wake ni miaka milioni 25 hivi. Binadamu hana hata miaka 15,000 ya kulima. Mchwa walikuwa wakulima wa Afrika Mashariki kabla hajatokea mtu wa kuwabomolea.

Na hapa ndipo hoja ya baba mdogo inapovunjika mguu. Nyuzi za uyoga huo zinaweza kukuzwa maabara, lakini kuzifanya zitoe uyoga bila mchwa ni jambo ambalo halijageuka kuwa kilimo. Hakuna kiti chake. Hakuna namba ya M-Pesa ya kulipia. Ukibomoa kichuguu kwa sababu kuna juala Kitale, hujabadilisha duka. Umefunga duka moja, na lile lingine halikuwahi kuuza bidhaa hiyo.

Jumapili baada ya kanisa tukakaa chini ya mwembe: Kukhu, baba mdogo na mkewe, shangazi, mimi. Niliyasema hayo yote. Baba mdogo alisikiliza vizuri, akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na hiyo miaka milioni 25 italipa karo ya muhula huu?"

Hakuna aliyecheka. Binti yake ni rafiki yangu. Najua kiasi anachodaiwa.

Kisha Kukhu akaongea, mara moja tu. "Kuku wa gredi anataga," akasema. "Anataga kuliko wa kienyeji. Lakini sijaona mtu akichinja kuku wangu wa kienyeji kwa sababu jirani amenunua wa gredi. Kichuguu nilipewa. Sikukiomba na sikukiiba. Nikifa mtajua wenyewe."

Wakakubaliana: vyumba viwili, si vitatu. Matofali yanunuliwe. Kichuguu kibaki maadamu Kukhu yuko hai. Ukiyasikiliza vizuri makubaliano hayo utagundua kwamba kimewekewa tarehe, ila hakuna anayeijua, na hakuna anayetaka kuitaja. Shangazi alifuta macho akasingizia moshi wa jikoni. Chumba cha tatu ni pesa halisi ambayo baba mdogo hataipata. Hilo nalo sitalipamba.

Sijaacha kiti changu. Mavuno ya tatu yalikuwa madogo, gramu 140, kisha mfuko ukasinyaa na doa la kijani likaanza pembeni, ishara kwamba kuvu nyingine imeona nafasi. Karatasi ya maelezo inasema ukifika hapo mfuko umechoka; mwaga kwenye mbolea. Nilimpigia Kukhu kumwambia nimenunua mwingine, tena nimemnunulia na yeye, wa miezi ya kiangazi wakati kichuguu hakitoi kitu. Alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Ni mfanyabiashara, usisahau.

"Na huo uliochoka?" akauliza.

"Natupa."

"Unatupa magunzi? Lete."

Nikaupeleka mwisho wa Machi. Akaupasua plastiki kwa kisu cha jikoni, akaisukumia kando, akavunjavunja yale magunzi yaliyogeuka laini kama mkate uliolowa, akayamwaga chini ya kichuguu upande wa kivulini. Hakueleza, na mimi sikuuliza. Asubuhi nilipokwenda kuangalia, sikuyaona. Yalikuwa yamefunikwa yote kwa udongo mwekundu, mwembamba, bado una unyevu, kama ukuta uliosiribwa usiku huo huo na fundi asiyelala.