Besi nzito haitoki kwenye wati

Ufuta ukishauzwa mnadani, Mkongo hubadilika sauti. Pikipiki zinazotoka Ikwiriri na Kibiti hubeba mabati, magodoro na maboksi ya sabufa. Ndicho kipindi cha harusi, cha kutoa mwali na cha ngoma za usiku kucha, na kijana ambaye kwao hakuna muziki hujiona amebaki nyuma.

Baba mmoja kijijini hapo alimwahidi mwanawe wa kidato cha tatu kwamba msimu ukienda vizuri watanunua sabufa. Msimu ukaenda vizuri. Kijana akataka ile "inayotikisa bati". Mama alikuwa na swali moja tu: mtoto mchanga atalala wapi? Swali lake lilikuwa na msingi. Nyumba yao haina dari, na kwenye nyumba isiyo na dari sauti ya sebuleni hupita juu ya ukuta na kushuka chumbani kama haikukuta kizuizi.

Dukani walikuta maboksi yameandikwa PMPO kwa herufi kubwa, na mbele yake maelfu ya wati. Hiyo ni namba ya kuuzia. Namba ya kutafuta ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo, na mara nyingi imeandikwa kwa maandishi madogo kwa nyuma, kama ipo. Hata hiyo isimzuzue mzazi. Kutoka wati 50 kwenda 100 kunaongeza desibeli 3 tu, ongezeko ambalo wengi hulitambua kwa shida.

Ila kwa afya ya sikio, desibeli 3 si kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kujihatarisha. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kwa watoto kiwango cha saa 40 kinashuka hadi desibeli 75. Kwa hiyo unaweza kulipa zaidi kwa wati mara mbili, usisikie tofauti ya maana, na bado ukapunguza nusu ya muda salama wa mwanao.

Waliondoka dukani wakaenda kwa fundi anayetengeneza maboksi ya muziki wa kukodisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyu mwanangu anataka besi."

"Ya nyumbani au ya shughuli?"

"Ya nyumbani."

"Basi msihangaike na spika kwanza. Tuongee boksi."

Fundi alikuwa sahihi. Spika inaposukuma hewa kwa mbele, inavuta kwa nyuma. Ikiwekwa mezani bila boksi, hewa hizo mbili zinafutana na besi inapotea. Boksi lililofungwa pande zote linaitenga hewa ya nyuma. Besi yake ni fupi na safi, na linavumilia makosa madogo ya vipimo. Boksi lenye bomba linaitumia hewa ya nyuma pia, kama chupa inavyovuma ukipuliza mdomoni mwake. Linatoa sauti kubwa zaidi, lakini ukubwa wa boksi na urefu wa bomba lazima viendane na spika yenyewe. Mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu za mambo hayo mwaka 1961. Anayenakili tu boksi la jirani na kutia spika yoyote hupata besi inayovuma noti moja, na zile noti za chini kabisa zinaweza kuichana spika.

Hapa ndipo afya inapoingia. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Boksi likiwa baya, kijana anapandisha sauti yote ili aipate besi, na pamoja nayo zinapanda sauti za waimbaji na vile vinanda vikali vya singeli. Hizo ndizo zinazoumiza zaidi. Ndani ya kila sikio kuna seli zenye vinyweleo takriban 15,000, na zikifa haziotei tena. Boksi zuri, basi, si anasa. Linampa kijana besi yake kwa sauti ya wastani.

Walichagua spika ya inchi 10 na boksi la kufungwa, la plaiwudi nene. Ubao wa vumbi la mbao ni rahisi zaidi, lakini walioona mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 wanajua maji yanavyoufanya uvimbe. Fundi alipaka gundi kila ungio, akawasha muziki na kupitisha kiganja pembeni kutafuta hewa inayovuja. Nyumbani sabufa ikawekwa kwenye kona iliyo mbali na chumba cha mtoto, kwani kuta mbili na sakafu huiongeza besi bila gharama. Mama akatia nukta ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti. Haipiti hapo.

Asiye na kipimo atumie mdomo wake: ukilazimika kupiga kelele ili aliye mkono mmoja kutoka kwako akusikie, sauti imezidi. Mtoto anayejibu "eti?" kila anapoitwa, au anayesema masikio yanalia asubuhi baada ya ngoma, apelekwe hospitali kupimwa.

Kwenye shughuli za watu nukta ya rangi haisaidii. Huko dawa ni umbali. Uwanjani, kila ukizidisha umbali wako na spika mara mbili, sauti inapungua takriban desibeli 6. Mama mwenye mtoto mgongoni, na wale wadogo wanaopenda kucheza wakiwa wameegemea spika, wasogee hatua ishirini nyuma. Besi wataipata tu.